Nyasi Mlangoni

Mtu akikuambia Doha hakuna majira, ujue hajawahi kuishi na mwanamume anayetaka nyasi. Majira yapo. Ni mawili tu, yale ya kukaa ndani na yale ya kutoka nje, na kati yake kuna wiki chache za mwezi wa kumi ambapo watu hufungua milango kidogo, hunusa hewa, na kuulizana kama joto limekwisha kweli au linawachezea. Katika nchi za theluji watu hutayarisha ua wa nyumba baridi ikiondoka. Sisi tulitayarisha joto likiondoka. Hizo ndizo zilikuwa siku zetu za kuchipua, bila tone la mvua.

Tulikaa Al Thumama, chini kabisa ya jumba lililogawanywagawanywa mpaka mwenyewe akasahau lina milango mingapi. Tulikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, na kipande cha ua kilichozungushiwa ukuta mrefu, ambacho Waarabu wa huko huita hoshi. Kilikuwa na vifusi, vigae vilivyovunjika, na kiyoyozi kibovu alichokiacha mpangaji wa kwanza. Mimi nilikuwa muuguzi. Mume wangu alitunza kompyuta za ofisi moja ya mjini, akitoka asubuhi na kurudi jioni akilalamika kuhusu barabara, maana miaka hiyo jiji lilikuwa likichimbwa kila mahali kwa ajili ya treni, na njia uliyopita ukienda kazini unaikuta imefungwa ukirudi. Ndege zilipita juu ya paa letu mchana kutwa. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa katika mlio huo na nadhani aliamini ndivyo hewa inavyosikika.

Likizo ya uzazi ilipokwisha nilimwomba mama yangu aje. Alikuwa amebaki peke yake nyumbani, magharibi ya Kenya. Baba alikwishafariki na sisi watoto tulikuwa tumetawanyika, kila mtu na mkate wake. Nilijua atakubali kwa sababu ya mjukuu. Kilichonitia hofu ni mume wangu, si kwa ubaya wake, bali kwa sababu ya mila zetu.

Kwetu, mama hakaribiani na mkwe wake wa kiume. Hawapeani mkono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani mmoja huacha njia. Na zaidi ya yote, mama halali chini ya paa la mume wa binti yake, hata mvua inyeshe ya mawe. Watu wengi siku hizi wamelegeza, lakini mama yangu si wa kulegeza. Mume wangu kwao hawana mambo hayo, kwa hiyo nilimfundisha, naye akajifunza kwa bidii kuliko alivyowahi kujifunza kitu chochote nilichomfundisha. Bado lilibaki swali la paa. Nilijikaza nikampigia mama simu.

"Hiyo nyumba ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya Mwarabu, mama. Sisi tumepanga."

"Basi si ya mkwe wangu. Nitalala kwa Mwarabu."

Likaisha hivyo. Nilikuwa nimelibeba lile jambo kifuani wiki nzima, yeye akalimaliza kabla ya salio la simu kupungua.

Alifika joto likiwa bado kali, akiwa na sweta. Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikawa na sheria za barabarani. Mume wangu alikohoa kabla ya kufungua mlango, akasubiri, akakohoa tena, kisha akaingia akitazama ukuta. Mama alikula jikoni, yeye sebuleni. Walizungumza kupitia kwangu, hata wakiwa wote wananisikia.

"Muulize mama kama amelala vizuri," mume wangu angesema.

"Mwambie nimelala," mama angejibu kutoka jikoni, na mimi katikati nikiwa na kijiko cha uji mkononi, sina hata la kutafsiri.

Nilichoka nikacheka, nikacheka nikachoka. Lakini nakiri nilipenda. Mume wangu, kijana wa Nairobi anayeongea na kila mtu kama aliyesoma naye, alikuwa akivaa shati kwenda kuchukua maji kwenye friji.

Haikupita wiki mama akatoa hukumu yake. Alikuwa amekaa sakafuni jikoni, mtoto mapajani, akigonga kigae kwa kidole cha mguu.

"Huyu mtoto hajawahi kugusa udongo."

"Ni mdogo, mama. Na nje kuna moto."

"Asubuhi kigae, jioni kigae. Akianguka anaangukia kigae. Mwenye nyumba amezungusha ukuta, mmezungusha mapazia. Wewe ulilelewa hivi?"

"Hapana, mama."

"Viza yangu ikiisha nitarudi naye. Atakaa na mimi mpaka awe wa shule. Huko kuna pa kukimbia."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha kuzima gesi. Na mimi nilijua hatanii, kwa sababu nusu ya wauguzi niliofanya nao kazi walikuwa na watoto wao nyumbani kwa bibi zao. Walionyesha picha za simu wakati wa chai. Walijua mtoto ametoa jino kwa kuambiwa. Wenzangu hao hawakuwa wamekosea chochote, wengi hawakuwa na njia nyingine, lakini kila mara niliposhika simu ya mmoja wao na kusema "amekuwa mkubwa jamani", nilimrudishia upesi. Mimi sikutaka mtoto wa kwenye simu. Nilimtaka wangu, mwenye kamasi, hapohapo.

Ningeweza kumwambia mama hapana. Nina ulimi, na una makali. Lakini kwetu bibi akimtaka mjukuu, na hasa mjukuu wa kwanza, huwezi kumjibu hapana tupu. Unatafuta sababu yenye miguu. Nilimweleza mume wangu kule chumbani, naye akafikiri kidogo, akasema, "Shida ni ardhi? Basi nitampa mtoto ardhi."

Ndipo nyasi zilipoingia maishani mwetu.

Kumbe alikuwa na hamu hiyo tangu zamani. Alikulia ghorofani, kwenye mtaa ambao nyasi zilikuwa mbele ya benki tu, na askari wa kuzilinda. Alinichorea kwa kidole hewani, hapa mtoto, hapa mkeka, hapa sisi tunakunywa chai. Nikamwambia achore na mtu wa kumwagilia. Akasema huyo ni yeye.

Ijumaa ya kwanza yenye upepo mzuri akaanza. Alitoa vifusi kwa ndoo mpaka nje ya geti. Alikitoa kile kiyoyozi kwa msaada wa mlinzi wa jumba la jirani, Mganda mmoja mwenye mabega mapana, ambaye alikibeba kama mkoba kisha akauliza kwa upole kama anaweza kukichukua. Mchanga wa hoshi letu ulikuwa na chumvi, na nyasi hazitaki chumvi, kwa hiyo akaenda Industrial Area kutafuta kile wauzaji wanachokiita mchanga mtamu, yaani usio na chumvi. Pickup ilipoumwaga getini, mume wangu alichota kidogo akaulamba. Dereva alimtazama, akanitazama mimi, akawasha gari akaondoka bila kuaga.

Baada ya mchanga ikaja samadi ya kondoo, magunia yaliyonuka hadi kwa majirani wa juu. Mama alifungua dirisha la jikoni kwa mara ya kwanza tangu afike, akavuta pumzi.

"Hiyo sasa ni harufu," alisema, na uso wake ukalegea.

Nikafurahi. Nikamwambia kwamba baba wa mtoto anamtengenezea mwanawe mahali pa kuchezea huko nje, asubiri aone. Akaitikia kwa kichwa. "Amefikiria vizuri," alisema. Hayo ndiyo maneno yote tuliyowahi kusema kuhusu jambo hilo, na wakati ule niliona yanatosha.

Hapa lazima nieleze namna hoshi lilivyotumika, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Mume wangu akiwa nje, mama alikuwa ndani. Mume wangu akiingia, baada ya kukohoa kwake, mama alitoka na mtoto mgongoni, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akipunga upepo. Walipokezana lile hoshi kama walinzi wa zamu. Kwa hiyo mama hakumwona akisawazisha mchanga kwa ubao, hakumwona akirusha mbegu kwa mkono huku akitembea kinyumenyume, wala hakumwona akizifunika kwa samadi nyembamba ili kunguru na shorewanda wasizile. Aliona matokeo tu. Leo kumemwagwa samadi. Leo kumelowa. Kesho tena kumelowa. Kila alfajiri kabla ya kazi, na kila jioni, mume wangu alitoka na mpira wa maji, akanyunyiza taratibu kama anayemwosha mtoto kichwa. Akishaondoka, mama alichungulia kwa pembe ya pazia, akarudi jikoni akiwa ameridhika.

Zikaota. Kwanza ukungu wa kijani ambao ulibidi uchutame ndipo uuone, kisha siku moja tu, kijani cha kweli, laini, kinachotikisika. Mume wangu alipiga magoti pale mchana wa Jumamosi akazipapasa kwa kiganja. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha ya bei rahisi namna ile. Alizipiga picha akanitumia kazini, nyasi kutoka kulia, nyasi kutoka kushoto. Tukapanga kwamba Ijumaa inayofuata tutawaita watu wa ushirika wetu wa maombi, waje wale, wamwombee mtoto, na mbele yao wote tumweke mtoto kwenye nyasi. Mama angeona. Hoja yake ya vigae ingekwisha mbele ya mashahidi.

Alhamisi nilirudi na basi la kazini mapema kidogo kuliko kawaida. Mume wangu alikuwa anaegesha gari. Tulifungua geti pamoja.

Hoshi lilikuwa jeupe.

Lilikuwa limekwatuliwa kutoka ukuta hadi ukuta. Hakikusalia kijani hata cha kuchokolea meno. Ardhi ilikuwa imesawazishwa, ikanyunyizwa maji, ikafagiliwa kwa mistari, ile mistari ya ufagio iliyolala upande mmoja, mizuri, kila mmoja ukigusa mwenzake. Kwenye kona kulikuwa na rundo dogo la majani yaliyonyauka. Jembe lilikuwa limeoshwa na kuegemezwa ukutani. Na mama alikuwa amekaa kwenye ngazi, mtoto mgongoni amelala, mikono yake imeshika kiuno, uso umejaa fahari.

Alipomwona mume wangu aliinuka kumpisha, akageuka upande, akaniambia mimi.

"Mwambie nimemsaidia. Ua ameutengeneza vizuri sana, samadi ametia, maji anamwaga kila siku, lakini majani yalikuwa yanamshinda. Kazi ni nyingi, najua. Na kesho wageni wanakuja. Sasa watu wakute majani mlangoni waseme nini, hapa wamehama?"

Niliona yote kwa mara moja. Kwetu ndivyo ua unavyotengenezwa. Unapaka samadi na maji ardhi ishikane, unanyunyiza asubuhi ili vumbi litulie, halafu unafagia. Nyasi ni za ng'ombe, huko mbali. Nyasi mlangoni ni nyoka, ni uvivu, ni nyumba ambayo mwenyewe amekufa au amekimbia. Msichana anayeacha jani liote karibu na ngazi za mama yake anasemwa hadi sokoni. Kila kitu ambacho mume wangu alifanya kwa wiki hizo, mama alikisoma kwa macho ya kwao, na kila kitu kilikubaliana. Alimwona mkwe mwema, mchapakazi, anayezidiwa na magugu, na ambaye kwa heshima hawezi kuinama kufagia mbele ya mama mkwe. Basi akainama yeye. Kwa mgongo wake ule, na mtoto juu yake.

Hata hivyo nilikasirika. Nilifungua mdomo, na kilichokuwa kinatoka hakikuwa kizuri. Mume wangu akanishika mkono juu ya kiwiko, akabana.

Alitazama lile hoshi. Alilitazama kuanzia getini mpaka ukutani na kurudi. Kisha akamtazama mtoto, kwa sababu kumtazama mama hakuruhusiwi, akasema polepole, "Mwambie mama asante sana. Pamependeza."

"Amesema asante," nikamwambia mama.

"Nimesikia," mama akasema, na akatabasamu kuelekea ukutani.

Mume wangu akarudi kwenye gari. Alikaa humo na kiyoyozi, mikono kwenye usukani, haendi popote. Nilimpelekea chai. Hakuniambia neno baya. Aliniuliza tu kama nadhani zile za kwenye kona zinaweza kurudishiwa. Nikamwambia yeye ndiye mtu wa nyasi, mimi ni muuguzi, lakini kwa macho ya kitaalamu wale wagonjwa wameshafariki. Akacheka kidogo, kicheko kibovu, akanywa chai.

Ijumaa watu wa ushirika walikuja wakajaa. Sitasahau walivyoingia. Yule wa kwanza, mama mmoja mpishi wa hotelini, alisimama getini akashika kifua. "Eeh! Huu ua nani kaufagia?" Akavua viatu. Wa nyuma yake wakavua. Watu wanaokaa vyumba vya vitanda sita sita huko Al Rayyan, wanaotembea juu ya lami na marumaru mwaka mzima, wakasimama pale peku wakitikisa vidole vya miguu kwenye ardhi iliyofagiliwa, wakisema ni kama kwa mama. Mama yangu alikuwa akipokea sifa kama bibi harusi. Tuliomba, tukala chapati na maharagwe na kuku. Mtoto tulimshusha chini. Alikaa, akashangaa, akachota udongo akautia mdomoni wote, na kabla sijamfikia, mama alikuwa amepiga makofi.

"Ameonja! Mwache! Ameonja!"

Nilitazama upande wa wanaume. Mume wangu alikuwa anacheka, cha kweli safari hii. Nikampenda mpaka nikaona aibu.

Hakupanda tena. Nilimwambia mbegu bado zipo dukani, akasema mama atazing'oa, au tutalazimika kumweleza, na akielezwa ataona haya, na yeye hataki mama wa watu aone haya nyumbani kwake. "Nyumbani kwa Mwarabu," nikamsahihisha. Akaendelea kumwaga maji kila alfajiri, kwa sababu sasa ilikuwa inatakiwa. Mama akaja nyuma yake na ufagio. Yeye akimaliza anaingia, mama anatoka. Miezi ile ya baridi ndiyo mtoto alitambaa, akiwa na magoti meusi ambayo hayakutakata kwa sabuni yoyote, na kuelekea mwisho wake akasimama kwa kushika ukuta.

Kisha hewa ikaanza kuwa nzito tena, na viza ya mama, tuliyokuwa tumeiongeza, ikakaribia mwisho wake.

Nilikuwa nimejidanganya kwamba amesahau. Siku moja nilitoka kazini nikamkuta chumbani kwake, begi limefunguliwa kitandani. Upande mmoja nguo zake. Upande wa pili nguo za mtoto, zimekunjwa ndogondogo, na zile kubwa ambazo bado hazijamtosha, zote. Alikuwa ameweka hata chupa.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Si tulisema."

"Ulisema wewe. Na ulisema kwa sababu hana udongo. Ana udongo! Anakula udongo!"

"Joto linarudi. Atafungiwa tena ndani. Na nyinyi mnafanya kazi. Nani atakaa naye?"

"Nimeomba zamu za usiku. Mchana niko naye mimi, usiku baba yake."

"Mwanamume akae na mtoto usiku?" Alisema bila dharau, kama mtu anayeuliza kama ng'ombe anaweza kupanda ngazi. "Mwanamume hana subira hiyo, mwanangu. Baba yako alikuwa mtu mwema, na hakuwa nayo."

Hapo ndipo lilinitoka. Sikulipanga. Nilikuwa nimelifungia tangu ile Alhamisi, na nilitaka limuume.

"Mama, yale majani uliyoyakwatua, alikuwa ameyapanda. Yeye mwenyewe. Hayakuwa magugu. Alienda mpaka Industrial Area kuleta mchanga, akanunua mbegu, akazirusha kwa mkono, akamwagilia kila siku ili mtoto atambae juu yake. Ili usimchukue. Ukayang'oa yote, na akasema asante."

Mama alikuwa ameshika soksi ya mtoto. Akaniangalia kuona kama ninasema uongo.

"Alipanda majani?"

"Alipanda."

"Watu wananunua mbegu za majani?"

"Wananunua, mama."

Bega lake likaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe alikuwa anacheka, kicheko cha ndani kisicho na sauti, machozi yanamtoka, akijifuta kwa ile soksi. "Uwi! Nimelima shamba la mkwe!" Na mimi, niliyekuwa nimejaa hasira mpaka kooni, nikajikuta ninacheka naye, nimekaa kando ya lile begi.

Halafu akaishusha ile soksi.

"Na siku ile alisimama pale getini."

"Ndiyo."

"Akaona."

"Aliona, mama."

"Na hakusema kitu. Si kwangu tu, hata kwako ndani hakunisema?"

"Hakukusema. Aliniuliza kama zinaweza kurudishiwa."

Ndege ikapita, mtoto pale sakafuni akaelekeza kidole darini kama kawaida yake. Kisha mama akavuta begi karibu, akaanza kutoa nguo za mtoto, moja moja, akizinyoosha juu ya goti kabla ya kuziweka kitandani. Sikumsaidia. Niliogopa nikigusa chochote atabadili mawazo.

"Subira kama hiyo sijaiona hata kwa ng'ombe," alisema mwishowe, akiwa hanisemeshi mimi hasa. "Huyo anaweza kukaa na mtoto usiku."

Siku ya safari tulikwenda wote uwanja wa ndege, ambao kwetu Al Thumama ni mwendo wa kufumba macho. Mama alikaa nyuma na mtoto, mume wangu mbele akiendesha na kioo cha ndani amekigeuza kisimwone mtu. Kwenye mlango wa kuondokea mama alimbusu mtoto kila mahali palipokuwa wazi, akanipa mimi. Kisha akamgeukia mume wangu. Akamtazama usoni. Nilishtuka kama niliyeona mtu anavuka barabara taa zikiwa nyekundu.

"Baba," alimwambia, yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu. "Nakuachia mtoto."

Mume wangu hakujua aweke wapi mikono. Aliinamisha kichwa akasema, "Asante, mama," na mama akaingia ndani bila kugeuka.

Tulirudi nyumbani nikiwa nimeshinda. Sina neno jingine la kueleza nilivyojisikia. Niliimba jikoni. Nilimwogesha mtoto nikahesabu kila kidole chake kama changu, nikamwambia utakaa hapa, utanichosha hapahapa. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyetoka mahakamani na shamba lake.

Jioni ya siku iliyofuata mama alipiga simu. Nikauliza safari, akasema nzuri. Nikauliza kama aliyempokea alichelewa, akasema hapana. Nikauliza nyumba ameikutaje baada ya miezi yote hiyo.

"Safi," alisema. "Nimeikuta safi vilevile nilivyoiacha. Hakuna aliyeichafua."

Nyuma yake sikusikia redio, wala mlango, wala sufuria. Nikaelewa kwamba kigae na udongo na viza na subira ya wanaume vilikuwa maneno tu ya kumfikisha kwenye kile ambacho mama kama yule hawezi kumwomba binti yake, yaani mtu wa kumchafulia nyumba, naye alikuwa amekitoa kwenye begi kwa mikono yake mwenyewe na kuniachia kitandani. Nilitaka kumwambia hivyo. Badala yake nikampa mtoto simu, naye akaipumulia, kwa sababu hakujua bado kusema chochote, na upande ule mama yangu akakaa anamsikiliza.